Fungueni arshive za mashini za kura, tutafute



Mwenzetu mumoja wa Butembo aliamka siku moja akakuta dola 60 zimetoka ku akaunti yake ya simu, zimeenda ku numero asiyoijua. Alikuwa mugini kwa wazazi, barabara ilikuwa mubaya, akachelewa kufika ku ajanse ya ile kampuni ya simu. Alifika na kila kitu mukononi: mesaje, tarehe, saa. Binti wa nyuma ya kioo aliangaria mu ordinatere yake, akamwambia kwa upole: «Yaya, hii ni ya zamani. Iliisha enda mu arshive, siye hapa hatuione tena.» Akamuuliza: sasa nani anaiona? «Ni ba Kinshasa.» Na ba Kinshasa wanajibu kisha siku ngapi? Binti akacheka tu. Mpaka leo jibu halijafika.

Hatuandiki hapa juu ya dola 60, hata kama dola 60 si muchezo. Tunaandika juu ya lile jibu. Hakuna aliyesema kama habari imepotea. Hakuna aliyesema kama haikuandikwa. Iko. Imehifadhiwa muzuri. Shida tu hakuna mutu mwenye lazima ya kuitafuta. Kampuni ikikujibu vile, unapoteza mafranga. Leta ikikujibu vile juu ya kura, unapoteza miaka 5.

Tueleze kidogo. Kila sisteme ya ordinatere inajiandikia daftari. Ku 6h12 mashini imewashwa. Ku 6h15 fundi fulani ameingia na neno lake la siri. Ku 9h40 mashini imezimika, ku 9h52 imewaka tena. Lile daftari njo mafundi wanaita logi. Mashini haina chama, haina kabila, haingoji baasha: inaandika tu. Lakini daftari linanenepa kila siku, na kulibakisha fasi ambapo unaandika neno na jibu linakuja palepale ni bei kali. Kwa hiyo kisha wiki ao miezi, logi zinafinywa na kupelekwa mu stoki ya bei chini. Dunia yote inafanya vile, si ubaya.

Ubaya unaanzia hapa: mule mu arshive mara mingi huwezi kutafuta kitu palepale. Fundi mwenye funguo, ule wanaita administrateri, anapaswa kwanza kuchagua siku na saa anazozitaka, kuzirudisha mu sisteme ya kutafutia, kungoja zifike, kisha njo anaanza kutafuta. Kwa Amazon, ile arshive ya bei ya chini kabisa, Glacier Deep Archive, inakuomba ungoje masaa 12, ao masaa 48 kama ulichagua njia ya bei ndogo zaidi. Na ile ni kampuni iliyojipanga. Mufikirie sasa diski iliyotupwa mu kabati ya ofisi fulani, bila orodha, funguo iko na mutu mumoja aliyeisha badilisha kazi.

Sasa tuje ku kura. Mu 2018 CENI ilituletea mashini za Miru Systems, kampuni ya Korea ya Kusini. Kwa Kifaransa watu walibadilisha herufi moja tu, «machine à voter» ikawa «machine à voler», mashini ya kuiba. Tulicheka. Lakini kucheka si kuchunguza. Tarehe 13 Desemba 2018 depo ya CENI iliungua Kinshasa, na mashini karibu 8 000 zikaenda na moto. Kura ikasukumwa mpaka tarehe 30. Siye wa Beni na Butembo hatukupiga hata: walituambia Ebola na usalama, wakatupeleka mpaka Machi 2019, raisi alikuwa amekwisha kuapa.

Mukumbuke tarehe za mwaka ule. CENI ilitangaza matokeo tarehe 10 Januari 2019. Martin Fayulu alipeleka lalamiko lake ku Korti ya Katiba tarehe 12. Tarehe 20 Korti ilikuwa imemaliza: lalamiko limetupwa. Siku 8! Arshive inayoomba wiki 3 kufunguka, mu inchi ambapo kesi ya uraisi inaisha kwa siku 8, ina faida gani? Ni sawa na kuleta maji kisha nyumba kuwa majivu. Kwa hiyo kusema «logi zimehifadhiwa» hakutoshi. Swali ni: zinaweza kurudishwa na kutafutwa mbele ya Korti kukata, ndiyo ao hapana?

Kisha ikaja 2023. Tarehe 20 Desemba tulipiga kura. Tarehe 5 Januari 2024 CENI yenyewe ilifuta kura za makandideti 82, na ikafuta kura yote ya wabunge kule Masimanimba na Yakoma. Kati ya makosa iliyotaja: kushika mashini za kura kinyume cha sheria. Musome tena pole pole. Ni CENI iliyosema, si siye watu wa makelele. Mashini za kupiga kura zilikuwa mikononi mwa watu binafsi.

Tulipiga mikono, ndiyo. Mara moja wakubwa wameguswa! Lakini kisha kupiga mikono tunauliza. Mashini yenye kutengenezwa vizuri inapaswa kuandika saa iliwashwa, nani aliifungua, karatasi ngapi za kura zilitoka ku printa. Sasa mashini ile iliyolala mu nyumba ya mukubwa fulani ilichapa karatasi ngapi usiku? Ziliingia mu sanduku la biro gani? Na je, walikuwa 82 tu? Kama logi zilionyesha 82, logi hizo hizo zinaweza kuonyesha wa 83. Ao zinaweza kusafisha jina la yule aliyesingiziwa, juu mu ile orodha siye tulipata majina na aina ya makosa, alama za mashini hatukuonyeshwa. Raia anaombwa aamini. Tumechoka kuamini.

Kuna wenye kusema hii ni maneno ya mafundi, inchi iko na vita na njaa. Tuwaambie ya Uingereza. Kule posta ilikuwa na sisteme inayoitwa Horizon, ya kampuni Fujitsu, tangia 1999. Sisteme ilikuwa inakosea mahesabu, posta ikasema wenye kuendesha vituo njo wezi. Watu zaidi ya 900 walihukumiwa, mama mumoja alifungwa na mimba tumboni. Na logi? Zilikuwako! Fujitsu ilikuwa inazihifadhi, posta ilipaswa tu kuomba zitolewe. Tarehe 23 Aprili 2021 korti ya rufaa ilisafisha watu 39, na ikaonekana kama mu kesi nyingi zile logi hazikuombwa hata. Watu waliingia gereza na ushahidi umelala mu arshive. Kama hii ilifanyika ku inchi yenye umeme masaa 24, siye tunalalia sikio gani?

Wengine mu kundi letu wanaogopa, na wako na haki: logi zikianza kutafutwa ovyo, kesho wenye usalama watatafuta nani alisimama mbele ya mashini saa ngapi. Tunajibu wazi. Katiba, artikle ya 5, inasema kura ni ya siri. Jina la mupiga kura na chaguo lake havipaswi kukutana popote, wala mu logi. Tunachotaka kitafutwe ni kazi ya mashini na ya wale wanaozishika. Na kila mutu atakayefungua arshive, hata akiwa raisi wa CENI, kutafuta kwake nako kuandikwe: jina, saa, neno alilotafuta.

Wanasema tena ni bei. Mafranga ya kununua mashini ilipatikana. Ya kuzifunga muhuri wa dijitali, ili mutu akibadilisha hata mustari mumoja ionekane, nayo ipatikane.

Artikle ya 24 ya Katiba inasema kila mutu ana haki ya kupata habari. Kwa haki hiyo tunaomba CENI iseme mu maandishi logi za Desemba 2023 ziko wapi, nani ana funguo, na zitabakishwa mpaka lini. Hakuna muradi mupya unaohitajika juu ya hilo, ni mukanda wa ukurasa mumoja. Kisha ifanye zoezi mbele ya watu: ichaguliwe kwa kura ya bahati mashini moja kwa kila provensi, 26 kwa jumla, logi zake zirudishwe, na wasimamizi wazitafute mbele ya vyama, wachunguzi wa CENCO na ECC, na wandishi wa habari. Tutashika saa mukononi. Zikipatikana kwa siku moja, tutasema hapahapa kama CENI imefanya kazi. Zisipopatikana, tujue sasa, si Desemba 2028.

Na wewe unayesoma, kama unatumika mu informatiki, ku benki, ku simu, ku ONG, fasi yoyote unashika serveri, tuandikie. Tunatafuta watu 26 wanaojua kusoma logi, mumoja kwa kila provensi, wa kukaa mu chumba kile siku zoezi litakubaliwa. Transpoti tutachanga.