Kifaru "Mweupe" Si Mweupe

Anayewafundisha watoto wa Ludara neno "kifaru mweupe" bila kulieleza hafundishi, anakaririsha. Kifaru huyo ni wa kijivu, sawa na mwenzake aitwaye "mweusi". Tofauti yao imo mdomoni: mmoja ana mdomo mpana wa kukatia nyasi, mwingine ana mdomo uliochongoka wa kuchumia majani. Mwaka 1817 William Burchell alimwita kwa Kilatini *simus*, yaani mwenye pua bapa. Jina hilo kongwe lasema kweli, letu ladanganya.

Kifaru wa kaskazini alilisha humu West Nile, na hifadhi ya Ajai ilitengwa kwa ajili yake. Dume wa mwisho alikufa Kenya mwaka 2018. Tumempoteza mnyama, je, tuwarithishe watoto uongo? Tuseme kifaru mdomo-mpana.