Elektroniki Ianze na Kifaa Kibovu

Ipo dhana iliyojikita miongoni mwa watu wengi, wakiwamo wenye elimu, kwamba elektroniki ni taaluma ya mijini, na kwamba haiwezi kuanzwa mpaka pawepo maabara, kompyuta na mtaalamu kutoka chuo kikuu. Kwa sababu ya dhana hiyo, kijana wa Kasulu au Kibondo mwenye hamu ya kujifunza huambiwa asubiri. Dhana hiyo si sahihi, na nyanda za juu za Kigoma zina sababu za kutosha za kuikataa.

Katika enzi ya ukoloni wilaya hizi zilifanywa chimbuko la manamba. Vijana wa Buha walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya mbali, na kazi hiyo haikuwapa ufundi wa kuwafaa nyumbani. Zamani watu ndio waliotoka. Siku hizi vifaa ndivyo vinavyoingia. Redio, simu, taa za jua na betri zimefika hadi vijijini, lakini ujuzi wa kuvitengeneza haujafuatana navyo.

Mfano mmoja unatosha. Mkataba wa mwaka 2008 kati ya Tanzania na Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani ulikusudia kujenga mtambo wa umeme katika maporomoko ya Igamba, mto Malagarasi. Mpango huo uliachwa kwa sababu ya hatari kwa viumbe wa majini wa mto huo. Badala yake, hadi mkataba ulipomalizika mwaka 2013, mkoa wa Kigoma ulifungiwa mitambo ya umeme wa jua katika shule za sekondari 45, vituo vya afya 10 na zahanati 120. Ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, betri ya risasi na asidi hudumu miaka michache tu, na hufa mapema zaidi ikiachwa bila chaji. Zahanati isiyo na mtu wa kuipima hugundua ubovu usiku ule taa inapozimika mbele ya mama anayejifungua.

Kumbe upimaji wenyewe si elimu ya miujiza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.7, ikishuka hadi 11.8, imekwisha chaji. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kujifunza jambo hilo kwa siku moja, mradi awe na mita ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni ndogo kuliko ya betri moja ya mtambo wa jua.

Kwa hiyo anayeanza aanze hapo. Kwanza, ajue kutumia mita: kupima volti, kupima ukinzani, na kutambua waya uliokatika. Pili, ajenge saketi ndogo kwa mikono yake. Betri mbili kavu za tochi hutoa volti 3. Taa ndogo nyekundu ya diodi hutumia karibu volti 2. Volti moja iliyobaki sharti izuiwe na resista. Na ikiwa mkondo unaotakiwa ni miliampia 10, basi kanuni ya Ohm inadai resista ya om 100. Akiiona taa ikiwaka kama hesabu ilivyotabiri, kanuni haitamtoka tena. Tatu, afungue redio mbovu, aitambue kila sehemu, ajifunze kulehemu, na kung'oa resista, diodi na transista ambazo bado ni nzima ili azitumie upya. Katika hatua hizo zote asiguse umeme wa ukutani. Umeme wa gridi ya Taifa, ulioanza kufika katika wilaya hizi mwaka 2022 badala ya ule wa mitambo ya dizeli, una volti 230, nao hauna msamaha kwa mwanagenzi.

Walimu wana wajibu wa kwanza. Mada ya elektroniki imo katika Fizikia ya kidato cha nne, lakini mara nyingi huishia ubaoni. Mwalimu anaijua kanuni ya Ohm bila kuishika. Fundi redio wa sokoni anaishika kila siku bila kulijua jina lake. Hakuna aibu kwa mwalimu kumkaribisha fundi huyo darasani. Wala Kiswahili si kikwazo: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na mafundi wenyewe wamezoeza maneno mengi ya kazi.

Watumishi wa serikali nao wana wajibu wao. Ofisini na shuleni mna makabati yenye redio, betri na vidhibiti chaji vilivyokufa, ambavyo havitengenezwi wala kutupwa kwa kuwa bado vimo katika daftari la mali. Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wataharibu mali ya umma. Lakini mali iliyokwisha kuharibika na kufungiwa haiutumikii umma. Inatunzwa tu ili vumbi liiongezee uzito. Mkuu wa idara anayeharakisha kufutwa kwa vifaa chakavu kwa utaratibu, na kuomba vitolewe kwa shule na vyuo vya maendeleo ya wananchi, anakuwa amejenga karakana bila kungoja fungu jipya. Betri za asidi ziwe chini ya uangalizi wa mtu mzima, na risasi yake isitupwe ovyo.

Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilidai kwamba shule isimtenge mwanafunzi na kazi za jamii yake. Katika nyanda za juu za Kigoma, mojawapo ya kazi hizo ni kuhakikisha taa ya zahanati inawaka. Kijana atakayeiweza hahitaji kungojewa kutoka Dar es Salaam. Huenda yumo darasani hivi sasa, na kinachomzuia ni kufuli ya stoo.