Mnyang'anyeni Mtoto Daftari

Erfurt, Ujerumani

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, na ninyi walimu mliobaki mkishika chaki,

  Mimi huku ni mzima. Kinachonisumbua ni baridi na hasira, na baridi nimeshaizoea.

Hasira imeletwa na picha aliyonitumia dada kwenye WhatsApp. Ni ukurasa wa daftari la binti yake, binti yetu sote. Ana miaka minne, viatu bado anavivaa cha kushoto mguu wa kulia, na akisinzia ananyonya kidole. Ukurasa mzima ni herufi "a". Za juu zimesimama, za katikati zimeinama, za chini zimelala kabisa. Pembeni kuna wino mwekundu: "Hana bidii." Dada alinitumia ili nicheke. Jamani! Mtu mzima na akili zake anakaa chini, anafungua kalamu nyekundu, anamwandikia mtoto wa miaka minne kwamba hana bidii. Na ada ya kazi hiyo naituma mimi.

Ilinichoma zaidi kwa sababu ya mahali nilipokuwa mchana ule. Mnajua kazi yangu huku ni kuwasaidia walezi wa chekechea. Nilikuwa nimesimama kwenye meza ya useremala ya watoto, namwangalia kijana wa umri uleule akikata kijiti kwa msumeno. Msumeno ni mdogo lakini meno yake ni ya kweli. Ulimi nje, kamasi zinamtoka, hataki kusaidiwa. Kijiti kilipokatika alikilinganisha na kingine, akaona bado kirefu, akarudi kukata. Hajui kuandika hata jina lake na hakuna anayepata presha, kwa kuwa huku kalamu inasubiri shule ya msingi, na shule ya msingi inasubiri miaka sita.

Najua jibu lenu. Mwenzetu kapanda ndege, kaona theluji, sasa anataka kutufundisha kulea. Dada alishaniambia bila kupepesa: "Ukija wewe uwafundishe." Hilo nimelimeza. Ila ada mnaipokea, basi pokeeni na kelele.

Kelele yangu ni moja: darasa la awali lisiwe na daftari. Lisiwe nalo kabisa, la herufi wala la namba wala la kazi za nyumbani. Karatasi ya kuchora chochote mtoto awe nayo, achore mpaka achoke, lakini pasiwe na mstari wa kufuata wala tiki ya kusubiri. Atakutana na daftari darasa la kwanza, na atakuwa nalo maisha yake yote.

Tusidanganyane kuhusu mwenye daftari lile. Ni la mzazi. Mzazi amelipa, anataka kuona. Jioni anafungua begi, akikuta kurasa tupu anapiga simu shuleni: mbona mwanangu hafundishwi? Mwalimu naye anataka amani, anamjazia mtoto mistari. Nimekaa kwenye ofisi za walimu, nayajua haya. Shule zinazojua biashara zinatangaza kabisa kwamba kwao mtoto wa miaka minne anasoma Kiingereza, na basi linamfuata jua halijachomoza, njia nzima anasinzia kwenye kiti. Mwaka 2023 Serikali yetu ya Tanzania ilipopiga marufuku bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, nilishangilia peke yangu jikoni. Halafu nikajiuliza ni watu gani sisi ambao mpaka tuandikiwe waraka ndipo tusimpeleke mtoto wa awali bwenini.

Sasa daftari likiondoka, mtoto afanye nini asubuhi nzima? Hapo ndipo nataka mnisikilize.

Anzeni na visoda. Kila duka la vinywaji linavimwaga. Vioshwe, kingo zigongwe kwa nyundo zisikate, na vikae mbali na wadogo wanaotia kila kitu mdomoni. Mpangie mtoto wa miaka minne visoda vitano vilivyosogeleana, na chini yake vitano vingine vilivyoachana, umuulize wapi kuna vingi. Wengi watakuonyesha mstari mrefu. Jean Piaget, yule Mswisi, alijenga jina lake kwa kuchunguza majibu ya namna hiyo. Ukimwambia amekosea anakutazama tu, na ukimwandikisha namba 5 kurasa kumi hatoki hapo alipo. Anatoka kwa kuvishika: anavihesabu, anavisogeza, anavihesabu tena wiki nyingine, mpaka siku moja anakucheka kwa kumuuliza swali la kijinga. Binti yetu anaimba moja hadi ishirini kwa Kiingereza bila kukosea, dada alinirekodia. Nikasema, mwambie amletee mama yake vijiko vitatu. Alileta vyote vilivyokuwa kabatini.

Baada ya visoda, maji na nafaka. Beseni, kata, vifuu vya nazi, chupa zilizokatwa shingo. Bibi zetu sokoni walipima kwa kibaba, na vibaba vinne vilijaza pishi. Mtoto akijaza pishi la mchanga kwa kibaba, akafika cha nne, akaongeza cha tano kikamwagika, huyo ameshaanza kuzidisha na kugawanya bila mtu kumtajia jina la somo. Kilichomwagika akifagie mwenyewe. Huku wanafagia, tena kwa ufagio wa saizi yao, na wanagombania.

Udongo wa mfinyanzi uwepo kila siku. Wenzangu walimu mnalijua hili kuliko mimi: kalamu haishikwi na akili, inashikwa na vidole, na vidole vya miaka minne bado laini. Kukanda udongo, kukamua kitambaa, kuchambua maharage, kutunga shanga, kufunga vifungo vya shati, huko ndiko mkono wa kuandika unakotengenezwa. Zile "a" zilizolala chini ya ukurasa zililazwa na vidole vilivyochoka. Bidii ilikuwepo tangu mstari wa kwanza.

Na mdako! Nani aliufukuza mdako? Unachimba kishimo, unajaza vijiwe, unarusha kimoja juu, unakokota vingine nje, unavirudisha vyote isipokuwa kimoja, raundi nyingine isipokuwa viwili, kisha vitatu, na ulichorusha ukidake kabla hakijagusa ardhi. Hiyo ni hesabu ya kutoa, inafanywa na vidole huku macho yako juu. Tuliicheza nyuma ya jiko mpaka tukaitwa ndani kwa fimbo, tukaambiwa tuache upuuzi tukasome. Wa miaka minne hataweza mdako mzima, lakini kukokota na kurudisha anaweza, na wakubwa wa darasa la tatu watafurahi kumfundisha.

Msiniambie haya ni ya Wazungu. Mombasa, katika miaka ya 1980, wazee wa Kiislamu wa Pwani walitaka watoto wao waingie shule wakiwa tayari bila kuitupa dini yao. Kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, na mwalimu Bi Swafiya Said akiongoza, zikaanza chekechea za madrasa. Zana zao zilitoka mtaani: vifuu, makopo, maboksi, vipande vya kanga, mbegu, vyote vimepangwa kwenye kona mahali ambapo mkono wa mtoto unafika. Mpango ukavuka bahari hadi Zanzibar mwaka 1990, na ukafika Kampala mwaka 1993. Kwa hiyo mtu wa Tanga anayeniambia jambo hili ni geni, namwomba apande basi mpaka Mombasa. Si mbali.

Wazungu wenyewe walitaabika nalo. Mji huu ninaokaa hauko mbali na Bad Blankenburg, ambako Friedrich Fröbel alianza kazi ya chekechea mwaka 1837. Zana zake zilikuwa mipira ya sufu, tufe, na mchemraba wa mbao unaogawanyika vipande vinane. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikapiga marufuku chekechea zake, na marufuku ikadumu hadi 1860. Dola yenye jeshi lile ikaogopa vipande vya mbao! Maria Montessori naye, ambaye jina lake huko nyumbani linabandikwa kwenye mageti ya shule za ada kubwa, alifungua nyumba yake ya kwanza tarehe 6 Januari 1907 kwa watoto wa makabwela wa San Lorenzo, Roma. Herufi alizifundisha kwa msasa: zinakatwa, zinabandikwa ubaoni, mtoto anazipapasa kwa kidole. Bei ya shiti ya msasa mnaijua. Na tangu 1992 kuna chekechea, zilianzia Bavaria, ambazo kwa miezi mitatu hufungia midoli yote stoo, watoto wabaki na viti, mablanketi na maboksi. Watu hawa wanakaa vikao, wanapanga mikakati, ili watoto wao wapate kile ambacho sisi tunamwonea haya mtoto akikutwa nacho uani.

Na haya zenyewe ni za nini? Soksi nyeupe. Nani alianzisha soksi nyeupe kwa mtoto wa awali kwenye udongo mwekundu? Mtoto hawezi kuchuchumaa kwa kuogopa kupigwa nyumbani.

Mtasema Serikali haijatuwezesha. Kwenye makaratasi imeandika vizuri kuliko mnavyodhani. Sera ya 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, ada zikaondolewa shule za Serikali kuanzia Januari 2016, na mtaala unataja kona za ujifunzaji kwa jina. Kona nimeziona. Zimechorwa ukutani kwa rangi nzuri, na zana zimening'inizwa darini zisichafuke kabla mkaguzi hajaja. Kiwango kinasema mwalimu mmoja kwa watoto 25. Hapo mnaruhusiwa kucheka, maana anayefundisha mia moja anajua kiwango hicho kinaishi wapi. Lakini niambieni kwa haki, mia moja wakinakili ubaoni wanajifunza nini? Robo yao kwenye visoda, robo kwenye mchanga, robo chini ya mwembe na bibi wa mtu anayesuka ukili, robo na mama mmoja wa zamu anayekanda udongo nao. Makelele yatakuwepo. Mwalimu mkuu avumilie.

Hela je? Kuna kijiji cha Villa Cella, karibu na Reggio Emilia huko Italia. Vita ilipokwisha mwaka 1945, wanakijiji waliokota walichoacha Wajerumani: kifaru, malori na farasi. Wakauza. Wangeweza kugawana. Wakajenga shule ya watoto wadogo, kwa mikono yao, kwa matofali ya nyumba zilizobomolewa, na leo mji wa Reggio Emilia unapokea wageni wa dunia nzima wanaokwenda kujifunza malezi. Sisi kifaru hatuna, tuna mahafali. Mtoto wa chekechea anakodiwa joho na kofia ya digrii, ukumbi unalipiwa, mshereheshaji analipwa, keki ya ghorofa, mpiga picha. Zile hela za alasiri moja zinajaza darasa mbao, mabeseni na mikeka. Hapo umaskini wetu huwa umekwenda wapi?

Nafoka, nisameheni. Nyumbani ninyi ndio mnaoamka nao, mnawapeleka zahanati usiku, mnatafuta nauli. Mwenzangu niliyefundisha naye kule Muheza alipewa darasa langu nilipoondoka, akaliunganisha na lake. Hajawahi kunilaumu. Kila Idi ananitumia salamu na picha ya watoto wamebanana kwenye mkeka, na mimi nazijibu haraka haraka kwa vikatuni vya kucheka. Mshahara wangu huku unatokana na kuwafuta kamasi watoto wa watu, wachache kiasi kwamba jina la paka wa kila mmoja nalijua.

Basi, ya utekelezaji. Kaka, kwenye duka lako weka ndoo ya visoda kuanzia kesho, na uwaambie vijana wasitupie vichungi vya sigara humo. Mjomba, masalia ya mbao usiyachome. Yakate mraba, mstatili na pembetatu, piga msasa kote, nitalipa muda wako na usijifanye hutaki. Mama, kile kibaba cha bibi na pishi lake viko stoo nyuma ya mashine ya kukunia nazi. Usimpe mtu. Mwalimu wa Muheza atakuja kuvichukua, nimeshamwambia, na nimemtumia nauli pamoja na ya kubebea udongo kutoka mtoni.

Na wewe dada, kikao cha wazazi kikiitwa, simama uulize mbele ya watu: binti yangu akija shuleni mwaka mzima bila daftari, mtamfundisha nini? Wakikosa jibu, muhamishe, shule ya Serikali ya hapo jirani ina uwanja na mwembe. Ada ya muhula huu nimeshaituma. Ya joho la mahafali situmi, na usinipigie usiku kunibembeleza.

Mdogo wenu.