Mpiga Debe na Abiria: Sifa ya Mdomo na Kitabu cha Mwandishi Anayejichapishia

Kitenzi kuchapisha kimebebeshwa kazi mbili zisizofanana. Kimaumbile ni mnyambuliko wa kusababisha wa kitenzi kuchapa: anayechapisha ni yule anayefanya kitu kichapwe. Kimatumizi, hata hivyo, kitenzi hicho hicho hutumika kwa kazi nzima ya kukitoa kitabu, tangu kuupokea mswada, kuuhariri, kuugharimia na kuupeleka mtamboni, hadi kukifikisha kitabu mikononi mwa msomaji. Kwa shirika la uchapishaji lenye idara zake, utata huu hauna madhara. Kwa mwandishi anayejichapishia mwenyewe madhara yapo. Huyu hukusanya akiba yake, huupeleka mswada kwa mpiga chapa, hulipia nakala mia tano au elfu moja, na siku anapokabidhiwa maboksi yake husema kuwa amechapisha kitabu. Kisarufi amesema kweli. Kwa upande wa kitabu chenyewe amefika katikati ya safari, na nusu iliyobaki haina jina katika msamiati alionao.

Nusu hiyo, kwa mwandishi asiye na wakala, asiye na orodha ya vitabu inayotumwa mashuleni, wala fedha za matangazo, hutegemea kitu kimoja: msomaji mmoja kumwambia mwingine. Kitu hicho kiitwe hapa sifa ya mdomo. Waandishi wengi wanaojichapishia hukitafuta kwa bidii, na aghalabu hukitafuta mahali kisipopatikana. Hudhani kuwa sifa ya mdomo ni kelele, na kwamba ikizidishwa kelele itazidi sifa. Makala haya yana maoni tofauti: kinachojengwa si sauti bali njia, yaani umbali baina ya kinywa kilichokitaja kitabu na mahali nakala ilipo. Aidha, sehemu moja ya njia hiyo imekatika kwenye idara za Kiswahili za vyuo vikuu, na haijashughulikiwa.

Lugha yenyewe inatoa dokezo. Kukisifu kitu ili kipate wateja huitwa kukipigia debe. Asili ya usemi huu inafahamika kwa kila aliyewahi kusimama kituo cha mabasi: mpiga debe huita abiria, hutaja njia, husifu mwendo wa gari na wingi wa nafasi, kisha gari likijaa hupokea ujira wake na kubaki pale pale. Hasafiri. Abiria wanalijua hilo, na kwa hiyo maneno yake huwaonyesha tu gari liko wapi. Hayawathibitishii kama ni zima. Anayetaka kujua kama gari ni zima humuuliza aliyeshuka. Sifa ya mdomo ni maneno ya aliyeshuka. Mwandishi anayesimama mbele ya hadhira na kukisifu kitabu chake, pamoja na jamaa zake wanaorudia sifa hizo kabla ya kukifungua, wote wangali kituoni. Kazi yao ina manufaa yake, lakini haiwezi kuchukua nafasi ya ushuhuda wa abiria.

Kwamba kinywa kinaweza kuihifadhi kazi ya fasihi bila msaada wa mtambo ni jambo ambalo historia ya Kiswahili inalithibitisha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuchapa chochote. Mashairi yake yalibaki katika kumbukumbu za watu hadi mwishoni mwa karne ya 19, ambapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah alimsaidia William Taylor kuyakusanya na kuyaandika. Diwani iliyohaririwa na William Hichens ilitoka mwaka 1940, miaka mia moja baada ya kifo cha mshairi. Mfano huu hupendwa na wale wanaoutukuza umasimulizi. Wasichopenda kukitaja ni gharama yake. Kinywa hukihifadhi kinachosemeka, yaani ubeti wenye vina, fumbo, jibu kali kwa mshindani, na huacha kingine kipotee, ikiwa ni pamoja na mazingira ya utunzi na mara nyingine jina la mtunzi. Mhariri anayekusanya baada ya miongo mingi hulazimika kuuliza shairi hili ni la nani hasa.

Tabia hiyo ya kinywa, kuchagua kinachosemeka, ilijitokeza tena katika riwaya pendwa ya Tanzania. *Kufa na Kupona* ya Elvis Musiba ilitolewa na East African Literature Bureau mwaka 1974. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mlango huo ulifungika kwa waandishi wa Tanzania, na miaka iliyofuata ilikuwa ya uhaba wa karatasi na wa fedha za kigeni. Katika mazingira hayo waandishi kadhaa waliamua kuwa wachapishaji wao wenyewe. Musiba alitoa riwaya zake kwa kampuni yake. Ben Mtobwa, aliyefariki mwaka 2008, alianzisha Heko Publishers, na *Dar es Salaam Usiku* ikatoka mwaka 1990. Hawakuwa na vyombo vya matangazo vinavyostahili kuitwa hivyo. Walikuwa na Willy Gamba na Joram Kiango. Yupo hadi leo msomaji wa makamo anayemkumbuka Willy Gamba vizuri lakini husita akiulizwa mwandishi ni nani. Sifa ilibebwa na jina la mhusika, kwa kuwa jina la mhusika ndilo linaloweza kuwa kiima cha sentensi ya mazungumzo: Gamba alifanya hivi, Kiango aliponea hapa.

Anwani za riwaya hizo nazo zinastahili uchunguzi wa kiisimu kuliko ambavyo zimechunguzwa. *Kufa na Kupona* ni vitenzi-jina viwili vilivyounganishwa kwa na, kama methali iliyokatwa. *Njama* na *Hofu* ni nomino mojamoja. *Najisikia Kuua Tena* ya Mtobwa ni sentensi kamili katika nafsi ya kwanza, na *Tutarudi na Roho Zetu?* ni swali. Anwani hizi zinaweza kutamkwa katika daladala bila maelezo, na msikilizaji akauliza, nani anajisikia kuua? Kwa kuuliza tu, amekwisha kuingia ndani ya kitabu. Linganisha na mtindo ulioenea sasa, hasa katika vitabu vya maarifa vya wanaojichapishia: anwani ya maneno manne, nukta mbili, kisha anwani ndogo ya maneno kumi. Nukta mbili haitamkiki. Msomaji aliyekipenda kitabu cha namna hiyo hulazimika kusema “kile kitabu cha mambo ya fedha chenye jalada la kijani”, na muuza vitabu ana vitabu vya kijani sita. (Anwani ya makala haya ina nukta mbili. Majarida ya kitaaluma hayauzwi kwenye daladala.)

Hata anwani nzuri na mhusika asiyesahaulika havitoshi endapo nakala haipo pale mazungumzo yalipo. Suala hili ni la kiuchumi, na linahitaji kuelezwa kwa kuwa ndipo vitabu vingi hufia. Mwandishi anayejichapishia huwapa wauza vitabu nakala kwa utaratibu unaoitwa mali kauli: bidhaa inachukuliwa leo, fedha italipwa ikiuzwa. Jina la utaratibu huu lingempendeza mwanaisimu yeyote, maana mkataba wote umesimama juu ya neno. Matokeo yake hayapendezi vile. Kitabu kinapoanza kusemwa, nakala za mwanzo huisha katika maduka mawili au matatu. Fedha zake bado ziko kwa wenye maduka. Mpiga chapa hakubali kauli, anataka malipo ya awali. Nakala nyingine mia mbili zimelala katika mji ambako hakuna anayezungumza habari za kitabu hicho. Msomaji wa kumi na moja akienda kuulizia anaambiwa kimekwisha. Labda atarudi mara moja. Hatarudi mara tatu. Sifa ya mdomo ina msimu, kama embe, na mara nyingi kitabu kinachopigwa chapa ya pili hukuta msimu umepita.

Kwa hiyo ushauri wa kawaida kwamba mwandishi asambaze nakala zake kila mahali una kasoro. Nakala mia tano zilizotawanywa katika miji kumi hazikutanishi wasomaji wawili. Nakala hizo hizo zikiwekwa katika mji mmoja, au katika kundi moja la watu wanaoonana kila siku, kama walimu wa tarafa moja, wanakwaya wa usharika mmoja au wanafunzi wa chuo kimoja, zinaweza kuzaa mazungumzo, kwa sababu aliyesoma hukutana na aliyesoma, wakabishana. Ubishi ndio hasa unaokitembeza kitabu. Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, *Rosa Mistika* (1971), ingawa haikuwa ya kujichapishia, ilipigwa marufuku mashuleni kwa madai ya kukiuka maadili. Marufuku hiyo haikuizuia kusomwa, na baadaye riwaya ikarudi mashuleni.

Simu za mkononi zimebadilisha sura ya jambo hili kwa namna ambayo haijaelezwa vya kutosha. Zamani aliyekisifu kitabu alitoa maneno tu. Nakala ilibidi ikatafutwe. Leo, katika makundi ya WhatsApp, msomaji anaweza kukisifu kitabu na kukituma kizima kwa kidole kile kile. Kitendo cha kusifu na kitendo cha kugawa vimekuwa kimoja. Njia baina ya kinywa na nakala, ambayo makala haya yanadai ifupishwe, imefupishwa hadi kutoweka, na aliyeachwa nje yake ni mwandishi. Baadhi ya waandishi wamelijibu hili kwa busara: hutoa hadithi kwa sehemu, kama magazeti yalivyokuwa yakifanya kwa hadithi za mfululizo, kisha sehemu zinazofuata hupatikana kwa anayelipa kwa simu. Mbinu hiyo huipa sifa ya mdomo muda wa kukua kati ya sehemu na sehemu. Lakini inaunda pia aina mpya ya nathari, yenye kukatika ghafla kila baada ya kurasa chache, na hapo wanafasihi wana kazi ambayo bado hawajaianza.

Jambo hilo linaleta suala la wanazuoni wenyewe. Kuna wanaosema kuwa vitabu vya kujichapishia havistahili kuzungumzwa na idara za Kiswahili kwa kuwa havikuhaririwa. Madai haya yana ukweli usiopaswa kufunikwa. Upatanisho wa kisarufi huvurugika katika vitabu hivi, majina ya wahusika hubadilika tahajia kati ya sura na sura, kurasa hung’oka. Makosa hayo huharibu sifa ya mdomo pia, maana msomaji aliyechoshwa na makosa husimulia makosa. Lakini ubovu wa kitabu ni hoja ya kuandika mapitio makali. Si hoja ya kunyamaza. Rajmund Ohly, katika utafiti uliotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, aliichukulia nathari ya miaka ya 1970, ikiwa ni pamoja na ile iliyodharauliwa, kuwa data inayofaa kuchunguzwa. Alikubalika au hakukubalika, angalau alisoma. Hali ya sasa ni kwamba tasnifu hurudi tena na tena kwa waandishi wale wale wachache, na kila tasnifu huwazalia wasomaji wapya ambao tayari wana wasomaji.

Linalosikitisha zaidi ni kwamba wanazuoni hawanyamazi kabisa. Huzungumza mahali pamoja, katika dibaji. Mwandishi anayejichapishia humwendea mhadhiri mwenye shahada ya uzamivu, humwomba kurasa mbili, na mhadhiri, kwa uungwana au kwa haraka, huandika kuwa kitabu hiki kitawafaa wanafunzi, walimu na jamii kwa jumla. Sentensi hiyo inaweza kuhamishwa kutoka kitabu hadi kitabu bila kubadilisha neno. Dibaji ya namna hii ni kupiga debe kwa joho. Humdhuru mwandishi, kwa kuwa humfanya aamini kuwa amesomwa, na humdhuru msomaji aliyelipa fedha zake kwa kuliamini jina lililotangulizwa na cheo. Mhadhiri asiye na muda wa kuusoma mswada angemtendea mwandishi haki zaidi kwa kukataa.

Kinachowezekana kufanywa si kikubwa. Semina ya uzamili inaweza kumtaka kila mwanafunzi asome, katika muhula mmoja, kitabu kimoja cha kujichapishia cha mji au wilaya anakotoka, na kukiandikia mapitio yenye kutaja yaliyo mazuri na mabaya kwa mifano na namba za kurasa. Nakala ya kila kitabu ibaki idarani, maana vingi havifiki maktaba yoyote, na baadhi havina hata ISBN, ingawa hutolewa nchini na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mapitio yachapishwe katika majarida kama haya kwa utaratibu ule ule wa mapitio mengine, isipokuwa badiliko moja dogo. Desturi ni kutaja mwandishi, anwani, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa na bei. Katika vitabu vingi vya kujichapishia, anwani ya kweli ya mchapishaji ni namba ya simu iliyochapwa kwenye jalada la nyuma, na hiyo ndiyo kitu cha kwanza ambacho mapitio huacha. Iandikwe. Mwandishi wa mapitio aipige kwanza, aulize kama nakala zipo, ziko wapi na ni kiasi gani kuletewa moja. Na kama namba haipokelewi, hilo nalo liingie katika mapitio.