Kuvu Nyuma ya Kabati



Pepo za kusi zimekwisha ingia, na hapa Kuruwitu unyevu wa bahari hauziachi hata nguo zilizofungiwa. Juma hili tumeona tuwasimulie kosa letu wenyewe, huenda likawafaa wengine.

Mkwe wetu alipotuletea kiyoyozi kwa ajili ya chumba cha mama mzazi, sote tulimwombea dua. Baada ya miezi kadhaa kikaanza kudondosha maji ukutani. Tukatega kopo, tukasema ni jambo dogo. Ukuta ulipotoka madoa meusi tukayapaka rangi, nyoyo zikatulia. Lakini mjukuu wetu mwenye pumu, alalaye chumbani humo, akawa anakohoa usiku kucha. Siku tuliyolivuta kabati tulikuta ukuta mweusi kama masizi, na jalada la kitabu cha fiqhi tulichosomea chuoni limeota manyoya.

Kiyoyozi hakiumbi maji, bali huyatoa hewani. Hewa yenye unyevu ikigusa mabomba yake baridi hutoa jasho, kama itoavyo gilasi ya maji ya barafu. Maji hayo hutoka nje kwa kibomba chake; kibomba kikiziba kwa vumbi na utelezi, hurudi ndani. Chujio nalo likijaa vumbi, barafu huganda ndani ya mashine, kisha huyeyuka na kumwagika. Na kuta zetu za mawe ya matumbawe hunywa maji upesi na kukauka polepole. Palipolowa, kuvu huweza kuanza kuota kwa siku moja au mbili tu.

Je, maji hayo ni najisi? La, wala kuvu haibatilishi sala ya aliyevaa kanzu iliyoota. Lakini kitu kuwa tohara si kusema hakidhuru, na kifua cha mtoto ni amana shingoni mwetu.

Basi mpaka fundi apatikane na mfuko uruhusu, fanyeni haya. Kwanza, zimeni kiyoyozi kwenye swichi yake ya ukutani, kwani maji na umeme havikai pamoja. Osheni chujio, likauke kivulini, kisha mtazame mdomo wa kibomba huko nje kama umeziba. Sogezeni kabati na kitanda shibiri moja kutoka ukutani, na jua likiwa kali fungueni madirisha ya pande zote mbili.

Watoto na wagonjwa wa kifua watoke. Mwenye kusafisha avae barakoa na glavu, asugue kwa maji na sabuni, akaushe vizuri, na kitambaa akitupe. Atumiaye dawa ya klorini kamwe asiichanganye na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, kwani hutoka hewa ya sumu. Godoro lililoota kuvu litolewe, hata kama roho inauma. Vitabu vianikwe kwenye upepo kivulini, kisha vipanguswe kwa brashi huko nje. Na ikiwa doa limepita mita moja kwa mita moja, au limepanda darini, mwachieni fundi.

Hayo yote ni subira tu, si tiba. Maji yasipozibwa yanakotoka, kuvu itarudi. Nasi tunakiri kwamba rangi yetu haikuponya kitu, ila ilituficha tusione, na mtoto akalipa kwa usingizi wake.

Sasa mjukuu analala sebuleni na kikohozi kimepungua, alhamdulillah. Fundi tunamngoja. Mama amerudi kwenye upepo wa dirisha lake, na asema ndio aliouzoea tangu zamani.

Leo kabla ya magharibi, vuteni makabati yenu mtazame nyuma yake.

Wabillahi tawfiq.