Ukiuza krosimemba, uza na paipu za breki na waya wa ethi

Leo naongea na sisi tunaouza spea za magari Instagram na WhatsApp, hasa wanaopost krosimemba mpya ambazo hazikutengenezwa na kampuni ya gari lenyewe, zile watu wananunua wakitaka kubadilisha injini. Mtu anang'oa 1G kwenye Mark II yake anataka kuweka 1JZ, anakuja inboksi anauliza bei, anatuma hela, mzigo unapanda basi. Biashara imeisha.

Mimi nasema haijaisha. Krosimemba isitoke dukani peke yake. Iende na paipu zake za breki na waya wa ethi wa injini, au mteja aambiwe kwa maandishi kabla hajalipa kwamba hivyo vitu havimo.

Najua jibu lenu: "Mimi nauza chuma, mengine fundi anajua." Sawa, lakini angalia hicho chuma. Krosimemba iliyokuja na gari ina vishikio na klipu za kupitishia paipu. Nyingi za kuchongesha au za kuagiza hazina. Ni laini kila upande, zinapendeza kwenye picha. Fundi wa watu, na gari limekaa gereji wiki ya pili, anapitisha paipu anapoona nafasi na kuifunga kwa zipu tai. Nafasi yenyewe mara nyingi iko karibu na eksozi, kwa sababu injini mpya imekuja na eksozi yake inayopita pengine kabisa.

Hapo ndo kasheshe. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewa, na huwa yananyonya tu, yanaweza kuchemka kwenye 140. Eksozi inapita joto hilo bila shida. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, hausukumi breki. Dereva anakanyaga, pedeli inazama mpaka chini. Gari likipoa breki zinarudi kama hakuna kilichotokea, na fundi anamwambia mwenye gari "mbona ziko poa".

Kuna na ile ya kupitisha paipu chini kabisa ya krosimemba. Barabara zetu na matuta yetu mnayajua. Paipu ikae juu au ubavuni, ijificke nyuma ya chuma, iwe na klipu kila baada ya kipande kifupi, isiguse kitu kinachotikisika. Inapotoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi lazima kuwe na mpira wa breki, kwa sababu tairi inapanda, inashuka na kukata kona. Paipu ngumu hapo itakatika tu, ni suala la muda.

Sasa niwaseme wachache wetu. Kuna watu wanauza kopa ya friji kwa mita na kwenye posti wanaandika paipu ya breki. Acheni. Kopa tupu inakuwa ngumu kwa mtikisiko, inapata nyufa. Paipu ya breki ni ya chuma, au ya kopa iliyochanganywa na nikeli karibu asilimia 10. Hii ya nikeli inakunjika vizuri na haili kutu, ila kwa macho inafanana sana na kopa, kwa hiyo muulize anayekuuzia jumla kabla hujapost. Saizi inayotembea sana ni milimita 4.75. Mdomo wake unakunjwa mara mbili au unapigwa umbo la kitunguu, kutegemea nati na tundu la gari husika. Mdomo wa kukunja mara moja kama wa bomba la gesi ya friji, hapana.

Tuje kwenye ethi, maana hii inagusa mfuko wako moja kwa moja. Injini imekaa juu ya mauntingi za mpira. Mpira haupitishi umeme. Krosimemba mpya nayo imepigwa rangi ya poda, na rangi haipitishi umeme. Stata ya gari dogo inavuta ampia mia moja na zaidi, na umeme wote huo unatakiwa urudi kwenye hasi ya betri kupitia bloku ya injini. Kama hakuna waya mnene wa kuurudisha, utatafuta njia yake: kebo ya akseleta, kebo ya gia, kiwaya chochote chembamba. Kebo inachemka. Stata inazunguka kivivu. Sensa zinasoma vitu vya ajabu.

Halafu mteja anafanyaje? Anakurudishia stata. Mimi nimerudishiwa stata na betri, nikapima mbele ya mteja, nzima kabisa. Kumbe waya wa ethi umefungwa juu ya rangi. Siku hizi kabla sijapokea kitu kurudi namwambia fundi wake aweke mita volti, ncha moja kwenye bloku ya injini, nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri yenyewe, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo ni ethi. Akwangue rangi mpaka chuma king'ae, aweke washa ya meno, akaze, ndipo apake grisi juu. Waya mmoja utoke injini kwenda kwenye bodi, mwingine betri kwenda kwenye injini. Asitegemee krosimemba kupitisha umeme.

Bei? Ndiyo, inapanda kidogo, na jirani atapost ya kwake tupu kwa bei ya chini. Mimi napiga picha seti nzima imetandazwa chini: krosimemba, paipu, klipu, nati, waya. Mteja anaona tofauti ya hela inakwenda wapi. Na namuuliza mapema injini gani inaingia na eksozi inatokea upande upi.

Akisema "bosi toa hizo waya na paipu unipunguzie", natoa. Bei inashuka, na kwenye risiti naandika: imeuzwa bila paipu za breki, bila waya wa ethi. Wengi wakisoma hiyo risiti WhatsApp wanapiga simu kabla basi halijaondoka, wanaomba nirudishie.