Kipaji Hakichagui Mji

Wengi wetu hudhani mwanamuziki hodari sharti atoke jiji kubwa. Mimi nakataa katakata! Tazameni Gary, mji mdogo wa viwanda vya chuma jimboni Indiana, Marekani. Huko alizaliwa Deniece Williams, pia Michael Jackson mwaka wa 1958 na dadake Janet 1966. Akina Jackson walikuwa watoto tisa katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala, baba akifanya kazi kiwandani. Wakitoka shule, ni mazoezi tu! Lakini mwaka wa 1993 Michael alieleza hadharani kwamba babake alikuwa akimchapa. Basi wazazi na walimu wetu, tuhimizeni tufanye mazoezi, ila kiboko wekeni kando. Kipaji hupaliliwa, hakichapwi.